Shajara ya mradi: pawasoo ya Hajji iliyokataa kuwaka, Arua

Jumatatu, jioni

Imefika karakana ikiwa imefungwa nyuma ya boda kwa mpira wa tyubu. Ni msumeno wa mnyororo wa cc 72, injini ya tustroki, saizi inayotumiwa sana na wapasua mbao huku West Nile kwa misaji na mikaratusi ya kupandwa. Mwenyewe ni Hajji anayepasua mbao kwenye mashamba ya watu, kuanzia hapa Arua hadi kule chini Adjumani. Amevuta kamba mpaka kiganja kimechubuka na injini haijakohoa.

Kabla sijashika bisibisi nimempa kiti aeleze. Maelezo ya mwenye mashine ni kipimo cha kwanza, na hakina gharama.

"Ilianza kuishiwa nguvu ikipata moto, fundi. Asubuhi inakata vizuri. Ikifika saa nne inalia juu, juu sana, halafu inazimika. Ikipoa inawaka tena."

"Na huku kukataa kabisa, Hajji?"

"Hiyo ni ya juzi. Kuna fundi akabadilisha plagi, akaosha kabureta. Ikawa vilevile."

Akatoa plagi ya zamani kwenye mfuko wa kanzu. Nimefurahi kuiona kuliko angeniletea mpya. Kauri yake kwenye ncha ni nyeupe, imekauka kama chokaa. Injini iliyokuwa ikila vizuri huacha rangi ya kahawia. Weupe huu unasema kwamba mashine ilikuwa ikichoma hewa nyingi na petroli kidogo, tena kwa muda mrefu.

Kwa hiyo naandika hapa mambo mawili, na sitaki tuyachanganye. Kuna ugonjwa wa zamani: inapata moto, inalia juu, inazima. Na kuna ugonjwa wa juzi: haiwaki kabisa. Huenda chanzo ni kimoja, huenda ni viwili. Kijana ninayemfundisha kazi alishanyoosha mkono kwenye kabureta. Nimemwambia angoje. Kabureta ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila mtu hufungua, na hii imeshafunguliwa tayari bila faida.

Jumanne

Kwanza tumetoa mnyororo na upanga wake, lile bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka. Sipimi injini ya pawasoo ikiwa na meno.

Tumefunga geji ya kompresheni, ya kupima jinsi injini inavyobana hewa, kwenye tundu la plagi, akselereta wazi, tukavuta kamba mpaka mshale ukaacha kupanda. Umesimama psi 130. Kwa injini ya ukubwa huu hiyo ni afya. Ingekuwa chini ya 100 ningemwambia Hajji mapema kwamba safari ni ndefu: pistoni, ringi, labda silinda nzima. Fundi asiye na geji anaweza kushika mpini wa kamba na kuuacha msumeno uning'inie. Ukishuka polepole kwa hatua, injini bado inabana. Ukianguka moja kwa moja, kuna pumzi inayotoka.

Geji haioni kila kitu, kwa hiyo tumefungua egzosti. Bolti mbili, na mlango wa kutolea moshi uko wazi. Ukimulika kwa tochi ya simu unaiona pistoni. Upande wa egzosti kuna mikwaruzo myembamba ya kusimama. Kucha ikipita juu yake inahisi kidogo tu. Ringi inacheza huru. Nimemwita kijana aone na kuipiga picha, maana picha hii na ile plagi nyeupe vinasema jambo moja: pistoni ilianza kuungua kwa kukosa mafuta ya kutosha. Katika tustroki petroli ndiyo inayobeba oili. Petroli ikipungua, ulainishaji nao unapungua, na joto linapanda kwa wakati uleule. Mashine hii ilizima kabla haijajiua.

Wavu mdogo ndani ya egzosti ulikuwa umejaa masizi. Tumeuchoma kwa moto wa gesi na kuupiga brashi ya waya. Ukiziba kabisa, injini inaweza kukataa kuwaka huku kila kitu kingine kikiwa kizima, na ni watu wachache wanaokumbuka kuuangalia.

Mchana tumeingia kwenye cheche. Plagi mpya imechomekwa kwenye kofia yake, chuma chake kikagusa mapezi ya silinda, mbali na tundu ili mvuke wa petroli usishike moto. Tukavuta kamba kivulini. Hakuna cheche.

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mtu anaona hakuna cheche, anatangaza koili, kifaa kinachotoa umeme wa cheche, imekufa, mwenye mashine anatumwa Kampala kununua koili. Kuna jaribio la dakika chache linalopaswa kutangulia. Kutoka kwenye koili kuna waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ya kuzima. Kazi yake ni kuigusisha koili na bodi ya mashine ili cheche ife. Waya huo ukigusa chuma popote njiani, mashine imezimwa daima, hata swichi ikiwa kwenye kuwaka. Tumeuchomoa kwenye koili, tukavuta tena. Cheche ya bluu, kali, inasikika ikipiga. Koili ni nzima.

Kwa mita, kati ya waya na bodi huku swichi ikiwa kwenye kuwaka, tumepata karibu ohm sifuri. Hapo hapatakiwi kupita umeme hata kidogo. Tukaufuata waya kwa vidole mpaka chini ya nyumba ya filta ya hewa, pale unapopinda kupanda kwenye mpini. Mtetemo umekula plastiki yake, shaba imekaa juu ya chuma. Kijana ameunga kipande kipya kwa risasi, akavika mpira unaosinyaa kwa joto, na tumeupitisha njia nyingine isiyosuguana na kitu.

Wakati kifuniko cha kamba kiko wazi tumesafisha kutu kwenye sumaku za flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, na kuhakikisha ufunguo wake, kipande kidogo cha chuma kinacholishikilia kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), haujakatika, maana ukikatika cheche inakuja kwa wakati usio wake. Nafasi kati ya koili na sumaku tumeiweka milimita 0.25 kwa fila geji. Mdomo wa plagi ni 0.5.

Cheche ipo sasa. Bado haiwaki.

Jumatano

Baada ya kuvuta kamba na choki imefungwa tumetoa plagi: kavu kabisa. Ningemwomba kila mtu ajifunze kusoma hili kabla ya kununua kipuri chochote. Plagi ikitoka imelowa, petroli inafika na tatizo liko kwenye cheche, au mashine imelewa mafuta. Ikitoka kavu, petroli haifiki, na unafuata njia yake kutoka tangini kwenda juu.

Tumemwaga kilichomo tangini kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie. Chini kukajitenga maji, mstari unaonekana wazi. Juu yake petroli yenye harufu ya vanishi, imezeeka. Hajji hununua kwenye chupa za maji ya kunywa njiani akiwa mbali na kituo cha mafuta, na chupa hizo zimeshapita mikono mingi. Filta iliyo ndani ya tangi ilikuwa nyeusi. Mpira wa kupitisha petroli, ukiuvuta kidogo pale unapotokea kwenye tangi, unafungua nyufa. Ufa wa hapo una madhara kuliko tundu la kawaida: petroli haivuji nje uione, bali hewa inavutwa ndani badala ya petroli. Tundu la kupumulia la tangi liko wazi. Lingeziba, mashine ingewaka, ifanye kazi kidogo na kufa, kisha iwake tena ukilegeza kifuniko. Hiyo nimeiondoa kwenye orodha.

Ndipo tukafungua kabureta, kwa zamu yake. Kijana amepiga picha kila tabaka kabla ya kulitoa, kwa sababu mpangilio wa gasketi na dayaframu (utando mwembamba unaosukuma petroli) ukigeuzwa, kabureta haivuti. Dayaframu zote mbili zimekauka. Ukizikunja zinabaki zilivyokunjwa. Kitu hiki kinapaswa kucheza kwa kila pigo la injini ili kusukuma petroli, na hiki hakichezi. Kichujio kidogo ndani kimefunikwa utando wa kahawia. Aliyeosha kabureta mara ya kwanza aliosha nje. Tumesafisha kwa dawa ya kabureta na upepo mdogo. Waya hatujaingiza kwenye matundu, kwa kuwa matundu yale yametobolewa kwa kipimo, na waya ukipanua moja hakuna skrubu itakayolirudisha.

Tumeweka filta mpya, mpira mpya, petroli mpya iliyochanganywa hapa. Dayaframu za zamani tumezirudisha kwa muda, nione tu kama injini itapokea uhai. Kamba, choki, kohozi moja, choki juu, kamba. Imewaka.

Hajji alikuwa amekuja kuangalia. Amesema alhamdulillahi kwa sauti iliyofika barabarani, na tayari alikuwa anatafuta boda. Ana mteja anayengoja mbao za msaji.

Mimi nilikuwa nasikiliza resi. Ukibonyeza akselereta na kuachia, injini nzima hushuka mara moja. Hii inaachia, inabaki juu, inaning'inia, halafu ndiyo inashuka shingo upande. Nimeizima.

"Fundi, si imewaka?"

"Imewaka, Hajji. Lakini kilichokuwa kinaifanya ilie juu saa nne bado kimo. Ukienda nayo leo, utarudi na pistoni mkononi."

Hakupenda. Mtu mwenye kazi inayongoja hapendi kuambiwa hivyo, na namwelewa. Nimemwonyesha yeye na kijana ile picha ya pistoni, mikwaruzo na plagi nyeupe vikiwa pamoja mezani. Nyufa za mpira wa petroli zingeweza kueleza sehemu ya njaa hiyo. Lakini mpira sasa ni mpya na resi bado inaning'inia. Waya ulieleza kwa nini ilikataa kuwaka juzi. Joto la saa nne haliwezi kutoka kwenye waya. Hajji amekaa kimya, kisha akasema, "Basi itibu yote."

Alhamisi

Jaribio la upepo. Krenkikesi ya tustroki, chumba cha chini kinachobeba krenki, lazima ishike hewa, kwa sababu pistoni ikishuka inabana mchanganyiko pale chini na kuupandisha juu. Penye tundu, hewa isiyopita kwenye kabureta inaingia, na hakuna skrubu inayoihesabu.

Hatuna mashine ya kiwandani ya kupimia, na haihitajiki. Tumetumia mpira wa kukamua na geji ya kipimo cha zamani cha presha ya damu. Tumeziba mlango wa egzosti kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobanwa chini ya egzosti yenyewe, na mlango wa kabureta vivyo hivyo. Plagi iliyokufa tumeivunja kauri na kuipachika mpira katikati, hiyo ikawa bomba la kuingizia hewa. Pistoni imeshushwa hadi chini ili milango yote ifunguke na hewa ifike krenkikesi. Tukasukuma hadi 300 kwenye geji ile, ambayo ni milimita za zebaki, sawa na bar 0.4. Vitabu vya mashine nyingi hutaka bar 0.5, lakini 0.4 inatosha kumfichua mwizi.

Mshale haukukaa. Ukashuka mbele ya macho yetu.

Kijana akapaka maji ya sabuni kwa brashi: chini ya silinda, kimya. Shingo ya mpira kati ya kabureta na silinda, kimya. Upande wa klachi, kimya. Upande wa flaiwili, mapovu yakafumuka kuzunguka krenki. Ni oili sili, pete ya mpira inayoziba kuzunguka krenki. Ikiwa baridi inabana kidogo. Ikipata moto mdomo wake uliochoka unaachia, hewa inaingia, mashine inalia juu. Saa nne ya Hajji hiyo hapo.

Beringi tumeitikisa kwa kuishika krenki juu na chini. Haichezi, kwa hiyo sili imezeeka yenyewe, haikuuawa na beringi. Ingekuwa beringi, sili mpya ingedumu muda mfupi tu.

Nimepiga simu kwa muuza vipuri wa soko la Kisekka kule Kampala: sili za pande zote mbili, seti ya dayaframu na gasketi, sindano ya kabureta. Nimemtumia picha ya namba iliyochongwa kwenye kabureta ili asikisie. Mzigo unakuja na basi la usiku.

Jumamosi

Basi liliingia asubuhi na vipuri ni vyenyewe.

Kufungua flaiwili na klachi kunahitaji pistoni izuiwe. Tumeingiza kamba ya nailoni kwenye tundu la plagi, baada ya pistoni kupanda na kuziba mlango wa egzosti ili kamba isinaswe pale. Klachi ya pawasoo hufunguka kwa kuzungusha kinyume cha mazoea. Mshale umechorwa juu yake na bado watu huivunja. Flaiwili tumeitoa kwa pula. Nyundo juu ya flaiwili huvunja mapezi na kudhoofisha sumaku.

Sili ya zamani tumeitoboa ukingoni, tukaingiza skrubu ndogo, tukaivuta kwa koleo. Muhimu hapa ni krenki isiguswe na chuma. Mkwaruzo mmoja pale na sili mpya itavuja siku hiyohiyo. Nyuzi za krenki tumezifunga selotepu ili mdomo wa sili usikatwe ukipita, tukapaka grisi kidogo, tukaisukuma kwa soketi yenye upana wake hadi kina kilekile cha mwanzo, upande wake wenye uwazi ukiangalia ndani. Upande wa klachi tumebadilisha pia, kwa sababu sili zote mbili zina umri mmoja.

Jaribio la upepo tena: 300, na mshale umebaki pale wakati tunakunywa chai. Kisha la kuvuta. Sili inaweza kushika ikisukumwa na kuvuja ikivutwa. Tumechomeka sindano kubwa ya mifugo kwenye ule mpira, tukavuta kijiti chake, tukakishikilia kwa muda, tukaachia. Kikarudi ndani chenyewe mpaka kilipotoka. Hakuna hewa iliyoingia.

Dayaframu mpya, sindano mpya. Urefu wa kile kijiko kidogo kinachoinua sindano tulikuwa tumeupima kabla ya kukitoa, na umerudishwa hivyohivyo.

Imewaka kwa urahisi. Resi ikiachiwa inashuka papo hapo. Kijana ameibonyeza na kuiachia tena na tena kwa kusikia tu ile sauti, na nimemwacha.

Jumatatu

Kurekebisha kabureta. Skrubu za petroli, L ya mwendo wa chini na H ya mwendo wa juu, tumeanza nazo zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja mmoja, mashine ikapashwa moto na upanga na mnyororo vikiwa mahali pake. L mpaka inapokea akselereta bila kusita. Skrubu ya kutulia mpaka mnyororo umesimama injini ikiwa inanguruma chini. Mnyororo unaotembea wenyewe umekata miguu ya watu.

H ndiyo tuliyobishana na Hajji. Yeye anapenda ilie juu, wapasuaji wengi hupenda, wanaona ndiyo nguvu. Nimemkalisha karibu asikilize. Bila mzigo, akselereta yote, inatakiwa kusikika ikigugumia kidogo, kama ina kikohozi cha mbali. Ikiingia kwenye gogo, kigugumizi kinatoweka na sauti inakuwa safi. Maana yake kuna petroli ya ziada inayopoza pistoni. Ikilia safi kabla ya kugusa mti, ndani ya mti itakuwa na njaa.

Na kwake kuna sababu zaidi. Arua tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Bonde la Nile kule anakokwenda ni kama 620. Hewa ya chini ni nzito, kwa hiyo skrubu ileile iliyokaa vizuri hapa inakuwa na petroli pungufu kule. Nimeiacha na ziada kidogo na kumwonyesha robo ya mzunguko ni ipi, ili ajue kuongeza, asipunguze.

Tumekata gogo la mkaratusi nyuma ya karakana hadi saa sita, jua likiwa kali. Ilipita saa nne bila kubadilisha sauti.

Kuhusu mafuta tumekubaliana hivi: petroli ya kituo, kwenye jerikeni ndogo yake mwenyewe, inayotosha kazi ya siku chache. Kwa oili ya tustroki ya mtengenezaji wa mashine, mililita 100 kwa lita 5, yaani 1:50. Akikosa hiyo na kupata oili nyingine nzuri ya tustroki, mililita 200 kwa lita 5. Kupima kwa kizibo cha chupa na kukadiria kwa rangi kumekwisha. Nimempa kikombe chenye mistari. Na oili chafu ya lori aache kuiweka kwenye tangi la mnyororo. Ina vumbi la chuma, na vumbi hilo linasaga pampu na upanga.

Vipuri vya zamani amevichukua vyote kwenye mfuko: sili, dayaframu, mpira, kipande cha waya.

Alhamisi ya wiki iliyofuata

Hajji amepiga simu kutoka Adjumani. Mbao za msaji zimekwisha, mashine haijazima hata mara moja. Nilikuwa nimemwomba atoe plagi mwisho wa siku na kuipiga picha. Picha imefika: kahawia nyepesi, ncha kavu, hakuna weupe.

Kilichobaki ni sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Tulipoondoa klachi tuliona meno yake yameliwa na mnyororo mpaka mifereji inaonekana. Inafanya kazi kwa sasa, lakini itaharibu mnyororo mpya atakaonunua, kwa hiyo vibadilishwe pamoja. Nimeshaagiza Kisekka, na atapitia hapa akirudi.